Nafasi ya Saba

Mwezi wa Agosti niliomba likizo, na baba akanijibu, "Msimu ukiisha utakwenda nyumbani." Nilifurahi, kwa sababu jibu lile lilikuwa na mwisho. Waajiri wengi hapa Riyadh hujibu maombi ya likizo kwa inshallah, na inshallah haina tarehe. Msimu, nilidhani, una tarehe.

Baba ni mwajiri wangu, kafili wangu. Kila mtu katika nyumba yake ya mtaa wa Suwaidi humwita baba, nami pia, ingawa mimi mwenyewe nimeshapita miaka hamsini. Msimu aliouzungumzia ulikuwa wa mpira wa miguu, tena si wa ligi ambayo watu wanaijua. Ulikuwa wa daraja la nne la Uingereza, ligi ya chini kabisa kati ya zile za wachezaji wa kulipwa. Alipokuwa kijana alipelekwa kusomea ufundi wa mitambo ya maji katika mji mdogo wa kaskazini mwa nchi ile, akakaa miaka miwili, na mwenye nyumba aliyempangishia chumba alikuwa akimpeleka uwanjani kila Jumamosi. Aliniambia kwamba kulikuwa na baridi, hakujua mtu, na uwanjani ndipo mahali pekee ambapo watu walimsogezea kiti bila kumuuliza ametoka wapi. Ile timu hakuiacha tena.

Kisukari kilimharibu macho. Anaona mwanga wa dirisha na umbo la mtu mlangoni, basi. Wanawe wanashabikia timu kubwa za hapa Riyadh na hawana muda na timu ya mji ambao hata Waingereza wengine hawajafika. Alijaribu ile sauti ya simu inayosoma maandishi, akaichukia. Ilisoma bao kwa namna ileile iliyosoma tangazo la dawa ya meno. Siku moja aliniuliza kama najua kusoma Kiingereza. Nikamwambia sikumaliza sekondari lakini nasoma. Akanipa simu yake. Tangu hapo, kila Jumamosi na baadhi ya Jumanne, mimi niliyeajiriwa kama dereva nikawa msomaji wa mechi, dakika kwa dakika, naye akaacha kuniita kwa jina, akawa ananiita ustadhi.

Mimi ni mtu wa kufuata mambo kwa utaratibu. Usiku wa siku ile aliponiahidi, nilichukua daftari nikaanza kusoma jinsi ligi hiyo inavyokwenda. Timu ni ishirini na nne. Kila moja hucheza na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Ishirini na tatu mara mbili ni arobaini na sita. Nikatafuta mechi ya arobaini na sita iko siku gani, nikaikuta Jumamosi ya kwanza ya Mei. Nikaandika tarehe, nikapiga mstari chini yake. Siku ya pili nikampigia mke wangu Jeddah.

Mke wangu anafanya kazi za ndani katika nyumba moja ya kaskazini mwa Jeddah. Tulikuja nchi hii kwa mawakala wawili tofauti, tukaangukia miji miwili, na kati yetu pana safari ya kutwa nzima kwa basi. Kwa miaka minne tulikuwa tumeonana mara tano. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Mei, na madam wake alikuwa amekubali kumwachia aende.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Nimehesabu."

"Wewe hesabu zako nazijua. Uliwahi kuhesabu matofali ya nyumba yetu ukaacha mlango."

"Safari hii nimeacha hata akiba ya siku saba."

Akacheka. Tukakubaliana: tutaruka pamoja kutoka Jeddah, Jumamosi inayofuata mechi ya mwisho.

Kosa la kwanza niliona Oktoba ilipokwisha. Tangu msimu uanze, mechi zilikuwa zikianza saa kumi na moja jioni kwa saa za kwetu, na mimi nilikuwa nimeizoea saa hiyo kama nilivyoizoea saa ya kuwachukua wajukuu wa baba shuleni. Jumamosi ya kwanza baada ya mwisho wa mwezi nikakaa kwenye zulia karibu na kiti cha baba, nikafungua simu, hakuna mechi. Nikasubiri dakika kumi. Hakuna. Nikamwambia labda wameahirisha kwa mvua.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

Nikamwambia.

"Bado saa nzima. Wamerudisha saa nyuma."

"Nani amerudisha?"

"Serikali yao."

"Saa ya mechi?"

"Saa zote, ustadhi. Za ukutani, za mkononi, za kanisani. Kila mwaka wanafanya hivyo baridi ikianza, halafu Machi wanazipeleka mbele tena."

Nimekulia nchi ambayo jua huchomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima, na hapa Riyadh hakuna anayegusa saa. Sikuwa najua kwamba binadamu wanaweza kukubaliana wote kuwa saa tisa si saa tisa tena. Nilipoenda kulala nilijiuliza kama kuna jambo jingine la aina hiyo ambalo silijui. Nilikagua hesabu yangu tena. Arobaini na sita, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Nikalala.

Mpaka mwisho wa Desemba timu yetu ilikuwa ya kumi na tisa. Nasema yetu, lakini wakati ule nilisema yake. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikatoka sare na timu iliyokuwa na wachezaji kumi uwanjani. Isha ilikuwa ikiangukia karibu na mapumziko, kwa hiyo nilikuwa namshika mkono kwenda msikitini tukiwa nyuma bao moja na kurudi kuwakuta wako nyuma mabao mawili. Baba hakukasirika. Alisema ndivyo walivyo, na kwamba ukipenda timu kama hiyo unajifunza kulala mapema.

Januari mke wangu akapiga simu saa ya mchana, jambo ambalo huwa halifanyi. Binti yetu wa pili ameletewa posa. Kijana ni wa Voi, fundi umeme, wazee wake wamekuja na adabu zote, na wanauliza siku.

Hapa lazima nieleze kuhusu binti yetu wa kwanza. Yeye aliozeshwa na mdogo wangu. Mimi nilikuwa hapa, kafili wangu wa zamani alikuwa amesema inshallah, nikampa ndugu yangu uwakala awe walii, yaani mwozeshaji, badala yangu. Kisheria hakuna kasoro. Picha niliziona siku tatu baadaye, nikamwona mdogo wangu ameketi mbele ya bwana harusi akiwa ameshika mkono wake, amevaa koti langu. Mke wangu hajawahi kunilaumu kwa hilo. Hajawahi pia kuzitazama picha zile mbele yangu.

"Safari hii hutamwozesha kwa kuwakilishwa," aliniambia. "Mtoto amesema hataki. Amesema kama baba hayupo, wasubiri."

"Nitakuwepo."

"Niwaambie siku gani?"

"Waambie Ijumaa ya kwanza tukishafika. Ligi itakuwa imekwisha."

"Ligi," akasema. "Mtoto wangu anaolewa kwa kalenda ya Wazungu wanaokimbiza mpira."

Akawaambia. Wazee wakakubali, ukumbi ukashikwa, kadi zikaenda kuchapishwa.

Sikumwambia baba. Nimeulizwa baadaye kwa nini, na majibu yangu hayalingani. Jibu la kwanza ni kwamba nilikuwa na ahadi tayari. Katika nyumba zile, ombi jipya huanza upya kutoka mwanzo, na mwanzo ni inshallah. Nilihofia kwamba nikimletea jambo la harusi, ile ahadi ya Agosti itafutika na tutaanza kuzungumza upya. Jibu la pili lilikuja baadaye, nami naogopa kwamba ndilo la kweli zaidi.

Maana Januari hiyohiyo timu ikaanza kushinda.

Sikujua kwa nini na hata waandishi hawakujua. Kocha alikuwa yuleyule. Kipa alikuwa yuleyule aliyekuwa akitema mipira. Walishinda moja bila, moja bila, mbili moja. Wakapanda hadi nafasi ya kumi na tano, ya kumi na mbili. Baba akaanza kuoga na kuvaa thobe safi, ile kanzu yao nyeupe, kabla ya mechi. Nilifurahi naye, na sikuona hatari yoyote, kwa sababu kwangu mimi nafasi ya kumi na mbili na ya kumi na tisa zote zilimaliza Jumamosi ya kwanza ya Mei.

Ni rafiki yangu aliyenifungua macho. Yeye ni Mkenya mwenzangu, mlinzi wa jengo moja la ofisi pale Olaya, na ana timu yake kubwa ya London ambayo huizungumzia kama mtu anayezungumzia mashamba ya babu yake. Ijumaa moja mwanzoni mwa Ramadhani nilimpitia. Tulikaa nyuma ya jengo, kwenye kivuli, karibu na ngazi za kituo cha metro.

"Ile timu yako bado iko hai?" akaniuliza. "Hiyo ni timu ama ni chama cha mazishi?"

"Ni ya kumi."

"Ya kumi! Mzee, mtaingia mchujo."

"Mchujo gani?"

Akanitazama kama amegundua nimekuwa nikiendesha gari bila kujua breki iko wapi. "Daftari lote hilo na hujui mchujo?"

Akanieleza. Timu tatu za juu hupanda daraja moja kwa moja. Ya nne, ya tano, ya sita na ya saba hazipandi wala hazibaki. Zinacheza zenyewe kwa zenyewe, nusu fainali mara mbili, nyumbani na ugenini, halafu fainali. Mshindi mmoja anapanda.

"Baada ya mechi arobaini na sita?"

"Baada."

"Yaani wa nne anaweza kufungwa na wa saba, na wa saba akapanda?"

"Kabisa."

"Sasa ile miezi tisa ilikuwa ya nini?"

"Ya kumjua wa saba, mzee!" akacheka peke yake. "Kwa hao wanne msimu unaweza kwenda mpaka mwisho wa Mei. Mbona umekunja uso? Unafaa kufurahi."

Nilirudi Suwaidi nikiwa na swaumu na kiu na kichwa kinachogonga. Nilifungua daftari. Kanuni zilikuwepo pale pale nilipozitafuta Agosti, ukurasa uleule, chini kidogo. Nilikuwa nimesoma mpaka arobaini na sita nikaacha. Kwa mtu aliyezoea ligi ambazo wa kwanza ndiye bingwa na wa mwisho ndiye anayeshuka, hakukuwa na sababu ya kuendelea kusoma.

Nilihesabu. Wakimaliza wa nane au chini yake, msimu wa baba unakwisha Jumamosi ya kwanza ya Mei, na mimi namwozesha binti yangu. Wakimaliza wa saba, msimu haujaisha.

Nilikuwa nimewahi kuwa na shida ambazo nilijua ninachotaka. Hii haikuwa ya namna hiyo. Jumamosi iliyofuata mechi ilianza na adhana ya magharibi, baba akafuturu kwa tende tatu akiwa amegeuza sikio upande wangu, na mimi nikisoma. Tulikuwa tumefunga mawili, wao moja. Kila mpira wao ulipokaribia goli letu nilisema moyoni, ingia. Ulipookolewa nilipumua kama mtu aliyeokolewa yeye. Mechi ikaisha mbili moja.

"Halas?" akauliza baba.

"Halas."

"Ngapi?"

Nikasema, "Mbili mbili. Wamesawazisha mwisho."

Sijui nilitaka kupata nini. Uongo ule haukubadilisha chochote Uingereza. Labda nilitaka kuona kama ninaweza, nikihitaji. Baba alisema sare ugenini si mbaya, akaomba uji.

Wiki iliyofuata, kabla ya mechi, alinitaka nimsomee msimamo wa ligi kama kawaida. Nikausoma, timu moja moja, nafasi, pointi, tofauti ya mabao. Mkono wangu ulizoea kwenda chini ya jedwali na mdomo ukafuata. Nilipofika kwetu nilisoma pointi zilizoandikwa.

Baba akainua kidole. "Umeruka, ustadhi. Zimezidi mbili."

Nikarudisha kidole kwenye mstari wetu.

"Wiki iliyopita ulisema sare. Sare ni pointi moja. Hapa wametupa tatu."

"Nilikosea kusoma, baba. Tulishinda."

"Wewe? Ulikosea?"

"Ndiyo, baba."

Uso wake alikuwa ameuelekeza dirishani kwenye mwanga. Hakuuliza tena. Aliniambia niendelee, na mimi nikaendelea, nimefunga, nikijua kwamba nimemdanganya mzee asiyeona katika mwezi ule, na kwamba nimeshindwa hata kudanganya vizuri.

Hilo ndilo jibu la pili nililosema. Kadiri walivyopanda, ndivyo nilivyozidi kushindwa kumwambia. Ningesemaje? Kwamba furaha yake ni balaa langu? Kila Jumamosi alikuwa akipiga goti kwa kiganja na kurudia majina ya wachezaji ambao hajawahi kuona sura zao. Nikimwambia, kila bao litamjia na uso wa binti yangu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Na wakati huohuo nilikuwa nimeanza kununua vifurushi vya simu kwa ajili ya mechi za wapinzani wetu, nijue wa sita na wa nane wamefanya nini, na nikimwambia mke wangu kwamba kila kitu kiko sawa.

"Timu yako inaendeleaje?" alikuwa akiuliza.

"Inashinda."

"Basi vizuri."

"Ndiyo. Vizuri."

Jumamosi ya kwanza ya Mei ilifika tukiwa wa saba. Wa nane alikuwa nyuma yetu kwa pointi mbili. Sare ingetutosha, maana tofauti yetu ya mabao ilikuwa kubwa kuliko yake. Tukifungwa, na yeye akishinda, ingekuwa basi. Nilisali alasiri nikamwomba Mungu, kisha nikagundua katikati ya dua kwamba sijui naomba nini, nikasema tu anijalie lililo jema na nikainuka.

Mpaka dakika ya themanini tulikuwa tumefungwa moja bila, na wa nane alikuwa anaongoza kwake. Nilisoma yote bila kuficha. Baba alikuwa ameshika ncha ya kilemba chake akiizungusha kidoleni. Nilikuwa naona mbele yangu ukumbi, viti, mkono wa yule kijana fundi umeme ndani ya mkono wangu.

Halafu maandishi yakabadilika.

Nilisoma kwa macho, sauti haikutoka. Mashabiki waliokuwa kule walikuwa tayari wanapiga kelele ambazo sisi hatuzisikii, na katika chumba kile mimi peke yangu nilijua.

"Ustadhi, mtandao umekatika?"

"Hapana, baba."

"Basi soma."

"Kuna bao."

"La nani?"

Sekunde zile nimezifikiria mara nyingi. Ningeweza kusema lolote. Wanawe wasingemwambia, majirani wasingemwambia, msimu wake ungekwisha pale alipoketi. Nikasema, "Letu. Kichwa, kutoka kwenye kona. Moja moja."

Akainuka bila fimbo. Dakika zilizobaki alizisikiliza amesimama, mkono mmoja begani kwangu, na ilipokwisha akaita jina la mkewe, akawaita wanawe, akamwita hata mpishi. Hakuja mtu. Wengine walikuwa wamelala, wengine wametoka. Akanishika kichwa akanibusu kwenye paji la uso.

"Wa saba," akasema. "Tangu ujana wangu sijawahi kuwasikia wakimaliza wa saba. Nusu fainali lini?"

Nikatafuta. "Jumamosi ijayo. Saa ileile."

"Kwa hiyo msimu unaendelea."

"Unaendelea, baba."

Nadhani ni sauti yangu iliyomfanya ageuke. Akauliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Akauliza tena, kwa Kiingereza, lugha ambayo huitumia anapotaka jibu kamili. Nikamwambia yote: Jumamosi ijayo ndiyo siku ya ndege, mke wangu amekwisha pata kibali chake, harusi ni Ijumaa inayofuata, mimi ndiye walii, na binti wa kwanza niliozeshewa.

Akakaa chini polepole.

"Umejua lini?"

"Januari."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia msimu ukiisha."

"Nilisema hivyo Agosti! Agosti kila mwaka najua tutamaliza chini, kila mtu aende kwake. Ningejuaje mimi kwamba mwaka huu watacheza?" Akapiga mkono wa kiti. "Mtu binti yake anaolewa, na yeye ananisomea kona!"

"Ilikuwa ni neno lako, baba."

"Neno langu. Wewe unalisoma neno la mtu kama sheria za ligi, tena unaishia katikati." Akageukia dirishani. "Sasa ile sare nimeielewa."

Nilimtazama usoni nione kama amesamehe, na sikuweza kutambua. Hata sasa sijatambua. Hakucheka.

Akaniambia, "Chukua simu. Yalla, fanya."

Kibali cha kutoka na kurudi hutolewa na kafili kwa simu yake, ndani ya programu ya serikali. Simu ya baba nilikuwa nayo mkononi kila wiki kwa miezi tisa. Nilifungua mahali panapohusika, nikapata jina langu, nikamsomea swali la siku ngapi, naye akasema sitini. Namba ya siri ikaja kwa ujumbe. Nikamsomea kwa sauti, tarakimu moja moja, kama ninavyosoma matokeo. Akasema, "Andika." Nikaandika. Halas. Shughuli yote ilichukua muda mfupi kuliko mapumziko ya mechi.

"Na Jumamosi?" akauliza. "Nani atanisomea?"

Nikamwambia nitasoma kwa simu, nikiwa uwanja wa ndege. Akasema mafi mushkila, lakini hakulisema kama mtu asiye na tatizo.

Nilifika Jeddah Ijumaa asubuhi kwa basi. Mke wangu alikuwa amekwisha aga kwa madam wake na alinikuta Balad, mji wa kale, na begi moja kubwa. Alikuwa amekonda. Tulizunguka baina ya zile nyumba za matumbawe mpaka miguu ikauma, tukanunua udi, mafuta ya manukato na vitambaa viwili vya binti, yeye akipatana bei kwa Kiarabu cha Jeddah ambacho mimi wa Riyadh nilikifuata nusu. Muuza udi alimwambia mumeo ana huzuni. Mke wangu akamjibu kwamba mume wake hana huzuni, anangoja mpira.

Jumamosi uwanja wa ndege ulikuwa umejaa mahujaji wanaoingia, nasi tukipita pembeni yao tunatoka. Saa kumi na moja tulikuwa tumeketi karibu na lango letu. Nilihitaji simu mbili, moja ya kusoma na moja ya kuzungumza.

"Chukua," mke wangu akasema, akinipa yake. "Ina asilimia kumi na nne, na bado sijawapigia wanangu."

"Dakika tisini tu."

"Miaka minne nimekungoja, sasa nakungoja na dakika tisini."

Baba alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nikaanza kusoma. Watu waligeuka kumwangalia mtu mzima aliyevaa suti ya safari anayesema kwa Kiingereza, "Krosi, imetoka nje. Faulo katikati ya uwanja." Mke wangu alikuwa ameweka begi la udi mapajani, anasikiliza kitu asichokijua. Tulifungwa bao kabla ya mapumziko. Dakika ya sabini wakaita abiria wetu. Foleni ikasogea nami nikasogea nikisoma. Dakika ya themanini na tano tulikuwa mlangoni mwa ndege.

"Ustadhi, bado upo?"

"Nipo, baba. Mchezaji wetu ameanguka ndani ya boksi. Refa anakwenda kuzungumza na msaidizi wake."

"Ametoa?"

Mhudumu wa ndege akanionyesha kwa mkono nizime. Nikamwonyesha kidole kimoja, moja tu.

"Ametoa, baba. Penalti."

Nikasikia kule Suwaidi kiganja kikipiga goti. Mhudumu akasema tena, sasa kwa sauti. Nikamwambia baba lazima nizime. Akasema, "Nenda, nenda kaozeshe," na akaongeza kwa haraka, "nani anapiga?" Nami sikuwahi kumjibu, kwa sababu mke wangu alinyoosha mkono akaichukua simu yake akaizima.

Tulikaa. Ndege ikaondoka. Chini taa za Jeddah ndiyo kwanza zilikuwa zinawaka, na mimi nilikuwa nikijaribu kukumbuka ni nani hupiga penalti zetu, nikijua kwamba nimeisoma orodha hiyo mara kumi.

"Hivi," mke wangu akasema, "wewe ulitaka washinde au wafungwe?"

"Lini?"

"Hata leo."

Nilifikiri. Nikamwambia leo hata wakifungwa si mwisho, kwa sababu hii ni mechi ya kwanza kati ya mbili, ya pili ni wiki ijayo, mabao yanajumlishwa, na baada ya hapo kuna fainali.

"Ya pili siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

Nikamtazama. Alikuwa ameshanielewa kabla sijajibu.

"Saa ngapi?"

"Jioni. Baada ya ndoa."

"Baada ya ndoa kiasi gani?"

Nikaanza kuhesabu tofauti ya saa, ya Uingereza na ya nyumbani, nikatoa mbili, nikakumbuka kwamba walizipeleka mbele mwezi Machi, nikapotea, nikaanza tena. Aliniwekea begi la udi mapajani, akaegemeza kichwa begani kwangu, akafumba macho.

"Hesabu," akasema. "Nikiamka uniambie."